"Lakini hawa si wameshabadilika?"

Kwenye kesi za ardhi za jamii za asili kuna swali moja la mawakili wa serikali linanichosha kweli, nalo ni hilo hapo juu. Yani wanavaa suruali, wanalima, wanaenda kanisani, basi haki ya mababu imeisha. Mi sheria ndo kazi yangu na nawaambia kesi nyingi zinafia hapo.

Chukua Yorta Yorta, jamii ya asili ya Australia. Wamefungua madai 1994, wameleta wazee wakasimulia mpaka basi, halafu 1998 jaji akaona maandishi ya Edward Curr, mfugaji mzungu wa karne ya 19, yana uzito kuliko simulizi za wazee, na lile ombi la 1881 ambalo mababu zao waliandika kuomba ardhi walime na kufuga akaligeuza kuwa ushahidi kwamba walishaacha mila, eti wimbi la historia limezisomba. Rufaa ya mwisho ikagonga mwamba Desemba 2002. Mtu amenyang'anywa ardhi, akaomba kipande kidogo tu asife njaa, na hilo ombi ndo likaja kuwafunga wajukuu zake!

Waogiek, warina asali na wawindaji wa msitu wa Mau, Kenya, walikutana na hoja hiyohiyo. Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 watoke msituni, kesi ikafika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha, serikali ikasema hawa siku hizi wanaishi kama wengine tu. Hukumu ya tarehe 26 Mei 2017 ikaikataa: utamaduni kuwa wa kipekee haimaanishi ugande palepale. Na kwamba eti wao ndo wameharibu msitu, nayo haikukubalika.

Juni 2022 mahakama hiyohiyo ikaamuru fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 za Kenya pamoja na hati ya ardhi kwa jina la jamii nzima, sio mtu mmojammoja (hiyo kwangu ni kubwa kuliko hela). Kutekelezwa sasa... Novemba 2023 Waogiek wa Sasimwani, hukohuko Mau, walikuwa wanabomolewa nyumba tena.

Ndo maana nikiandaa shahidi simwambii kabisa aje amevaa ngozi. Aje na simu yake mfukoni, aseme asali anaiuza kwa simu, halafu aeleze mizinga ya babu yake iko mti upi.