Je, wajua kwa nini Achebe alijiita mtoto aliyelindwa na Uingereza?

Mwaka 2009, akikaribia umri wa miaka 79, mwandishi wa riwaya wa Nigeria, Chinua Achebe, alitoa mkusanyiko wa insha alioupa jina The Education of a British-Protected Child, yaani elimu ya mtoto aliyelindwa na Uingereza. Ni rahisi kudhani kwamba mzee huyo alidekezwa na Wazungu utotoni, au kwamba uzeeni aligeuka kuusifu ukoloni. Dhana zote mbili hazina msingi. Jina hilo linatokana na hadhi ya kisheria iliyoandikwa katika pasipoti yake ya kwanza, British Protected Person, yaani mtu aliyelindwa na Uingereza, na hadhi hiyo wazee wetu wa Lamu na Malindi waliijua vyema, kwani ndiyo waliyokuwa nayo.

Waingereza walitenganisha koloni, yaani nchi waliyoifanya milki yao, na himaya, yaani nchi waliyoitawala kwa jina la kuilinda bila kuwa milki yao. Lagos ilikuwa koloni tangu 1861, ilhali Ogidi, alikozaliwa Achebe mwaka 1930, ilikuwa ndani ya himaya. Kwetu Kenya, bara iligeuzwa koloni mwaka 1920, lakini mwambao wa maili 10 pamoja na visiwa vya Lamu ulibaki himaya, kwa sababu ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, aliyewapangisha Waingereza kwa mkataba wa 1895. Mwenye jahazi akimkabidhi nahodha chombo kwa kodi, nahodha ndiye ashikaye usukani, achaguaye bandari na kuwaamuru mabaharia, lakini chombo hakiwi chake, wala mabaharia hao hawawi watu wa nyumbani kwake. Ndivyo ilivyokuwa hapa: bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea, liwali na kadhi wakabaki na mabaraza yao, na amri kubwa zikatoka Nairobi. Mtu wa Malindi alitawaliwa na Uingereza bila kuwa raia wake, na kwa sheria ya uraia ya 1948, akiutaka uraia huo, ilimbidi aombe tajinisi kama mgeni. Hali hiyo ilikoma tarehe 12 Desemba 1963, walindwa hao walipopokelewa kuwa raia wa Kenya, ilimradi walizaliwa nchini na mzazi wao mmoja pia alizaliwa humo. Mfano wa jahazi, hata hivyo, hauifai sana Ogidi, ambako hapakuwa na sultani wa kupangisha chochote.

Achebe anasema waziwazi kwamba ni kosa kubwa kumpokonya mtu ardhi na historia yake, kisha kumfanya kama mtoto mdogo anayehitaji mlezi. Hata hivyo, na hapa ndipo insha yake inaponivutia zaidi, anamshukuru kwa jina William Simpson, mwalimu wa hisabati aliyekuwa mkuu wa shule yake ya Umuahia, ambaye aliwakataza wanafunzi kugusa vitabu vya masomo kwa saa maalumu za jioni, wakabaki na riwaya mikononi. Katika shule hiyohiyo walisoma pia waandishi Christopher Okigbo, Elechi Amadi na Ken Saro-Wiwa.