Marashi ya "makaburini" hayana udongo wa kaburi

Wapo Nairobi wanaoamini tangu zamani kuwa harufu ya udongo makaburini hutoka kwa maiti, na kwamba marashi yanayoiga makaburi ya kale, kama Highgate ya London au Père Lachaise ya Paris, lazima yametiwa udongo wa kaburi. Hofu hiyo haina msingi.

Harufu ile hutokana na geosmini, kemikali inayotengenezwa hasa na bakteria wa udongo waitwao Streptomyces. Wako mashambani Kiambu, wako msitu wa Karura, wako chini ya sukuma wiki nyuma ya nyumba. Mvua inapopiga ardhi kavu, matone hurusha chembechembe hewani, na pua ya binadamu huinasa geosmini hata ikiwa sehemu chache tu kwa trilioni. Bitiruti pia inayo. Ndiyo maana ina ladha ya udongo.

Mtengeneza marashi hutumia geosmini ya maabara, kidogo mno, pamoja na mafuta ya mizizi ya vetiva (aina ya nyasi), ya pachuli (mmea wenye majani ya kunukia), ya mberoshi na ya ubani. Huko Kannauj, mji wa India unaojulikana kwa marashi, harufu ya udongo hupatikana kwa njia nyingine: udongo wa kawaida uliochomwa huchemshwa na mvuke wake kunaswa katika mafuta ya msandali. Ni kazi ya kupendeza sana.

Hapa kwetu, naona kinachochanganya watu ni mazishi yenyewe. Waislamu hutia kafuri katika maji ya kuoshea maiti, basi aliyefiwa akiinusa hukumbuka msiba. Kumbukumbu hiyo ni ya kweli na inastahili heshima, ila kafuri asili yake ni mti, na ubani ni utomvu.