Kuendesha gari kwa mazoea ni nini?

Dereva anazima injini nyumbani, kisha anajiuliza: pale kwenye taa nilisimama, au nilipita tu? Hakulewa wala hakusinzia. Gia alibadilisha, kona alikata, pengine hata mwenye baiskeli alimpisha. Huku ndiko kuendesha kwa mazoea: mikono, miguu na macho vinafanya kazi ya njia ya kila siku, mawazo yako kwingine.

Si uzembe, angalau si mwanzoni. Anayejifunza udereva huwaza klachi, kioo na breki kwa pamoja, hata kuzungumza kunamshinda. Akishazoea, akili inapata nafasi, na nafasi hiyo haikai tupu: ada ya shule inaingia, kikao cha kesho kinaingia.

Kuichunguza hali hii ni kazi ngumu. Ukimuuliza dereva anawaza nini, umeshamzindua. Ukingoja afike, atakwambia hakumbuki, na kutokumbuka si sawa na kutoona. Huenda aliiona taa vizuri, akaamua sawasawa, ila kumbukumbu haikuitunza.

Carryl Baldwin na wenzake wa Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, walichapisha mwaka 2017 utafiti uliofanywa kwenye mtambo wa kuigiza udereva. Washiriki waliendesha barabara moja siku baada ya siku, wamevaa vifaa vya kupima umeme wa ubongo. Mlio uliposikika walisema kama mawazo yao yalikuwa barabarani. Takriban asilimia 70 ya mara hizo hayakuwapo. Lakini barabara hiyo ilikuwa imenyooka na ya kuchosha kwa makusudi. Namba hiyo tusiipeleke Kariakoo saa kumi na moja jioni.

Huko Kanada, Matthew Yanko na Thomas Spalek walionyesha mwaka 2013, pia kwa mtambo, kwamba walioizoea njia walichelewa zaidi kuitikia gari la mbele lilipofunga breki au mtembea kwa miguu alipojitokeza pembeni.

Mbinu ninayoiona ya werevu zaidi ni kubadilisha kitu kimyakimya. Mwaka 2007 Marieke Martens wa Uholanzi na mwenzake walieleza jaribio ambalo madereva walirudishwa njia ileile mara nyingi. Kadiri walivyoizoea, ndivyo walivyozitazama alama kwa muda mfupi zaidi. Kisha kwenye makutano mamoja haki ya kupita kwanza ikaondolewa: waliokuwa wakipita tu sasa walitakiwa kupisha. Alama ilikuwa wazi, na bado waliozoea waliendelea kuitegemea picha ya zamani iliyo kichwani.

Ndiyo maana kubadilisha alama peke yake hakutoshi. Uingereza, utaratibu wa kupishana ukigeuzwa, huongezwa kwa muda kibao chekundu kabla ya makutano, kinachosema kwa maneno kwamba utaratibu wa mbele umebadilika.