Pateni ya kanzu ya 1870 utaipata wapi?

Tamasha la Bagamoyo likikaribia, wasanii huja kwa fundi kutafuta mavazi ya michezo yao ya misafara na Wajerumani, na swali ni lile lile: pateni, yaani kiolezo cha kukatia nguo, natoa wapi? Kwa gauni za Kizungu kazi ni nyepesi. Tangu 2017 makumbusho ya Metropolitan ya New York yanaruhusu picha zisizo na hakimiliki zichukuliwe bure, na nguo za karne ya 19 zimejaa humo. Nguo za pwani ndizo hazina pateni ya dukani. Pateni yake ni nguo yenyewe.

Tafuta familia iliyotunza kanzu ya kushonwa kwa mkono, uombe kuipima. Usifumue hata uzi. Wakikufukuza wana haki. Itandaze kwenye mkeka, ushike futi: badani (vipande vikuu) ya mbele na ya nyuma zimenyooka, taharizi (vipande vya kuongezea) za ubavuni zinapanuka kuelekea chini, na vikwapa, vipande vidogo vya kwapani, vinamwezesha mtu kuinua mkono bila kanzu nzima kupanda. Kitambaa cha leo mara nyingi kina upana wa inchi 60, kwa hiyo fundi hushawishika kukata umbo zima kwa mkupuo mmoja na kuziacha taharizi. Mimi sikubali. Kanzu hiyo inaning'inia kama gunia, na mtu wa viti vya mbele anaiona.

Kitambaa nacho kina tarehe zake. Merikani, kitambaa cha pamba cha viwanda vya Massachusetts, ilitamba hapa mpaka vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilipoiadimisha pamba, kisha vitambaa vya Bombay vikashika soko. Mpagazi mvike merikani isiyopaushwa au kaniki, kile kitambaa cheusi, wala si bafta, pamba nyepesi nyeupe pe. Kanga iache: ilianza kuenea mwishoni mwa karne ile, na maandishi yakaja baadaye zaidi. Mvike mama wa 1850 kanga yenye jina uone. Kina mama ukumbini watalisoma kwa sauti, mchezo wasahau.

Kwa picha, Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyo wa Winterton wa Afrika Mashariki, 1860 hadi 1960, na Chuo Kikuu cha Frankfurt kina picha za makoloni ya Kijerumani. Askari wote wamo humo, kofia hadi viatu. Za studio zitazame kwa jicho la pili, maana wapiga picha walipenda kuwapamba watu. Mimi huamini zaidi zile za sokoni na bandarini, ambako mtu kavaa nguo yake ya kazi, na kiraka chake kinaonekana.