Je, wajua kwa nini kupunguza upepo kwenye matairi hulinasua gari mchangani?

Ukipita Mambrui, kaskazini ya Malindi, ukaiacha lami na kushika njia ya mchanga inayoelekea baharini, si ajabu kukuta Subaru Impreza imekaa tumbo katikati ya njia. Dereva amechoka kukanyaga mafuta na haelewi: gari linasukuma magurudumu yote manne, mbona limekwama? Jibu liko kwenye matairi kuliko kwenye injini.

Impreza ina uzito wa kilo 1,300 hivi. Tairi likijazwa upepo wa kawaida wa lami, psi 32, sehemu inayogusa chini hailingani hata na ukurasa wa daftari. Ni kama kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole vyake. Viganja vinne ndivyo vimebeba gari zima. Mchanga mkavu hauhimili mgandamizo huo. Tairi linazama, linasukuma kijilima cha mchanga mbele yake, na kuanzia hapo gari linapanda mlima usiokwisha hata kama njia ni tambarare.

Shusha upepo hadi psi 16 au 18, kisha chuchumaa ulitazame tairi. Ubavu umetuna kidogo, na sehemu iliyolala chini imeongezeka karibu maradufu. Imeongezeka zaidi kwa urefu, kutoka mbele kwenda nyuma, kuliko kwa upana. Tairi sasa linapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba.

Wenye magari ya chini huogopa kwamba tairi likilegea gari litashuka zaidi. Kweli hushuka, sentimita moja au mbili. Lakini tairi gumu lingezama kuliko hapo, kwa hiyo bado umepata faida. Uvungu wa Impreza uko kama sentimita 15 tu kutoka chini, na njia hizi zimechimbwa na Land Cruiser na malori, yakaacha tuta katikati ya mifereji miwili. Tumbo likishalala juu ya tuta, magurudumu hayana tena uzito wa kuyakandamiza, yanazunguka bure. Ndiyo maana mimi hupitisha tairi la upande mmoja juu ya tuta lenyewe, njia ikiruhusu.

Kuna na mambo ya umeme. RAV4 na X-Trail nyingi husukuma kwa magurudumu ya mbele, ya nyuma yakiingia kazini pale tu ya mbele yanapoteleza, na mchangani wakati huo tayari umeshaanza kuchimba. Mfumo wa kuzuia kuteleza nao hukata nguvu ya injini pale pale unapoihitaji. Uzime kabla hujaingia. Nenda kwa gia ya pili, mwendo mmoja, na ukitaka kusimama liache gari lijisimamie, kwa sababu breki hurundika mchanga mbele ya matairi. Likikwama, acha mafuta mara moja. Fukua chini ya tumbo, tandika makuti mbele au nyuma ya magurudumu, kisha rudi nyuma kwa alama zako mwenyewe, maana mchanga huo umeshashindiliwa.

Mchanga uliolowa ni mgumu kwa sababu maji huvuta chembe zikashikana. Usishawishike kwa hilo ukateremka ufukweni: wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, maji hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, na juu ya alama ya maji makuu ndiko kasa hufukia mayai yao. Njia ya juu yatosha, na alfajiri, umande ukiwa bado haujakauka, huwa nyepesi kuliko saa nane mchana.

Beba pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari. Tairi lililolegea likikimbizwa kwenye lami hupata joto hadi likapasuka, kwa hiyo jaza upepo pale pale lami inapoanza.