Prestel: kompyuta ya sebuleni iliyokwamishwa na bili ya simu

Wanaokumbuka enzi za Posta na Simu hawatashangaa kusikia kwamba Uingereza nako barua na simu zilikaa chini ya paa moja. Posta hiyo ndiyo iliyozindua Prestel mwaka 1979. Kwa ubunifu wa mhandisi Samuel Fedida, mtu aliweza kusoma habari, bei za hisa na ratiba za safari kwenye televisheni yake, zikitoka kwenye kompyuta ya mbali kwa waya wa simu.

Unabonyeza namba ya ukurasa kwenye kidude kama rimoti, kisha unasubiri. Ukurasa una mistari 24, kila mstari herufi 40. Laini ilileta biti 1,200 kwa sekunde, yaani herufi kama 120 (kila herufi ilichukua biti kumi), kwa hiyo ukurasa uliojaa ulijiandika kwa sekunde nane, mstari mmoja mmoja kutoka juu. Upande wa kutuma zilipita biti 75 tu, na zilitosha: nani hubonyeza vitufe zaidi ya saba kwa sekunde?

Kilichoiua Prestel ni gharama. Televisheni yake ilikuwa ya aina ya pekee, na ghali. Kulikuwa na ada ya huduma, kulikuwa na dakika za simu, na baadhi ya kurasa zilitozwa zenyewe, bei imeandikwa pale juu pembeni. Muda wote huo simu ya nyumbani imeshikwa. Shangazi akipiga, hapati. Wateja hawakufika laki moja.

Wafaransa walianzia upande wa pili. Minitel yao, mashine yenye skrini ya huduma kama hiyo, iliyoenea kuanzia 1982, iligawiwa bure badala ya kitabu cha namba za simu, ikadumu hadi Juni 2012. Ufundi haukupishana sana. Kwangu mimi, tofauti ni nani alitoa pesa kwanza.

Prestel iliacha alama mahali ambapo hakuna aliyepatarajia. Robert Schifreen, mpenzi wa kompyuta, alibonyeza 2 mara kumi mahali pa namba ya mteja wa Prestel, akaweka nywila 1234, mlango ukafunguka. Baadaye yeye na Steve Gold wakaingia hadi kwenye sanduku la ujumbe la Prince Philip, mume wa Malkia Elizabeth. Walitiwa hatiani kwa kosa la kughushi, wakashinda rufaa, na mwaka 1988 Baraza la Mabwana (House of Lords), lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, likakubali kwamba sheria ya kughushi haikuwahusu. Bunge likatunga sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta mwaka 1990, na hadi leo inatumika.