Bingwa wa ngumi mwenye umri mkubwa baada ya kipigo cha kwanza: yanayosemwa na ukweli wake

Dhana: Alizeeka usiku ule ule aliopigwa

Uzee hauingii ulingoni kwa siku moja. Mwangalie Larry Holmes, bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Septemba 1985, akiwa na miaka 35 na mapambano 48 bila kushindwa, alipoteza kwa pointi mbele ya Michael Spinks, pambano moja tu kabla ya kuifikia rekodi ya mapambano 49 bila kushindwa ya Rocky Marciano, bingwa wa zamani. Wengi walishangaa, ilhali ishara zilikuwepo. Mwaka 1983 alimshinda Tim Witherspoon kwa majaji kugawanyika, na Mei 1985 Carl Williams alimbana mpaka kengele ya mwisho. Ushindi ulifunika kila kitu.

Kwa hiyo kocha makini haanzi na video ya kipigo. Anaanza na mapambano mawili matatu ya mwisho ambayo bingwa alishinda. Ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele ikishatoka, inarudi wapi? Ikirudi usawa wa kifua badala ya shavuni, mkono wa kulia wa mpinzani umeachiwa njia. Hesabu ngumi alizorusha raundi ya 3, kisha raundi ya 9. Tazama miguu anapobanwa kwenye kamba: anatoka kwa pembeni, au anasimama palepale na kumkumbatia mwenzake?

Dalili nzito kuliko zote huonekana ukipunguza mwendo wa video. Macho yanaiona ngumi, yanaifuata, lakini kichwa hakisogei. Bondia ambaye hakuiona kabisa ana kosa la ulinzi, na hilo hufundishika. Aliyeiona na kuchelewa ana tatizo ambalo mazoezi ya padi (mito ya mkononi ambayo kocha humshikia bondia apige) hayaliondoi. Huyo abadilishiwe namna ya kupigana: asimame nusu hatua nyuma zaidi, mkono wa kulia ubaki shavuni muda wote, na apunguze kukwepa kwa kiuno akitegemea macho.

Dhana: Dawa ni kambi ngumu kuliko zote alizowahi kuweka

Hapa ndipo wengi wanapomalizwa, tena kabla ya siku ya pambano. Kasi na wepesi wa misuli hupungua mapema, na mwili wa miaka 36 hauponi uchovu kwa saa zile zile kama wa miaka 24. Sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, mara nne kwa wiki, raundi 10 kila mara, humfikisha ulingoni akiwa ameshapigwa vya kutosha.

Kinachofaa zaidi ni sparingi mara moja au mbili kwa wiki, raundi 4 hadi 6, glavu za aunsi 16, na wenzake wawe wameelekezwa cha kufanya: huyu abane tu, yule arushe mkono wa kulia tu. Mazoezi mawili mazito yaachane saa 48. Mbio ndefu za kila alfajiri zipungue, mbio fupi za kasi zichukue nafasi. Sparingi ya mwisho iwe siku 7 hadi 10 kabla ya pambano.

Na kofia ya mazoezi isimdanganye mtu. Inapunguza michaniko na uvimbe usoni. Ubongo bado unatikisika ndani ya fuvu.

Dhana: Kidevu hukomaa kwa kupigwa

Kidevu, yaani uwezo wa kuhimili ngumi, hakikomai. Shingo yenye nguvu husaidia kichwa kisirushwe ovyo, basi. Aliyewahi kuangushwa vibaya anaweza kuangushwa tena kwa ngumi nyepesi kuliko ile ya kwanza.

Dhana: Ashuke uzito, ataonekana mkubwa na mwenye nguvu

Roy Jones alijaribu. Machi 2003 alichukua mkanda wa uzito wa juu kwa John Ruiz akiwa na karibu kilo 88. Novemba mwaka huohuo alishuka hadi kilo 79 kupigana na Antonio Tarver na kushinda kwa taabu. Mei 2004, Jones akiwa na miaka 35, Tarver alimwangusha raundi ya pili. Kabla ya hapo Jones alikuwa na kipigo kimoja tu kwenye rekodi, cha kuondolewa kwa faulo mwaka 1997. Kushuka kwa namna hiyo huondoa msuli pamoja na mafuta, na miguu ndiyo hulipa kwanza.

Dhana: Marudiano yawe mara moja, kabla joto halijapoa

Kwa aliyepoteza kwa pointi, miezi michache inaweza kutosha, ingawa Holmes alirudiana na Spinks Aprili 1986 na akapoteza tena. Kwa aliyepigwa KO, yaani kuangushwa asiweze kuendelea, kamisheni inayosimamia ngumi humsimamisha kwa muda, mara nyingi siku 30 hadi 90. Kipindi hicho ni cha kutopigwa kabisa, si cha sparingi ya kificho. Promota atasukuma tarehe. Tarehe ni biashara yake.

Dhana: Foreman aliweza, basi yeyote anaweza

George Foreman aliupata tena mkanda wa dunia wa uzito wa juu Novemba 1994 akiwa na miaka 45, kwa kumwangusha Michael Moorer raundi ya 10 huku akiwa nyuma kwa majaji wote watatu. Kinachosahaulika ni kwamba alikaa nje ya ulingo miaka 10, 1977 hadi 1987, miaka ambayo kichwa chake hakikupokea ngumi. Pia alikuwa mzito mwenye ngumi nzito, na nguvu ya ngumi hudumu kuliko kasi. Bondia wa uzito mdogo anayeishi kwa miguu hana akiba hiyo.

Dhana: Picha ya ubongo ni safi, kwa hiyo yuko salama

MRI huonyesha damu iliyovuja au jeraha kubwa. Mtikisiko wa kawaida mara nyingi hauonekani. Ndiyo maana vipimo vya kumbukumbu, uwezo wa kusimama bila kuyumba na kasi ya kujibu hufanywa kabla ya kambi, vikarudiwa baadaye na kulinganishwa na vyake mwenyewe. Usemi nao urekodiwe: aya ileile, isomwe kwa sauti mwanzo wa kila kambi. Rekodi mbili zikichezwa pamoja, ulimi mzito husikika hata na mtu wa nyumbani asiyejua ngumi.